Walimwita Durant Msaliti, Kisha Simu Ikamwita Mmoja Wao

Ijumaa ya Julai 1, 2016, saa moja asubuhi ya Dar es Salaam ilikuwa saa sita usiku kule New York. Dakika hiyo ndiyo dirisha la wachezaji huru wa NBA lilifunguliwa, na Kevin Durant akawa ruksa kuongea na timu yoyote anayoitaka. Wakazi wengi wa Dar walikuwa wanagombania daladala. Ila kwenye grupu moja la WhatsApp la vijana wanaocheza kikapu Upanga, hakuna aliyekuwa na habari na daladala. Swali lilikuwa moja tu: KD anabaki Oklahoma City au anasepa?

Mtu anaweza kuuliza, vijana wa Dar na Oklahoma wapi na wapi? Jibu ni Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar, mrefu kuliko milango ya nyumba nyingi za Kariakoo, mwaka 2009 alichaguliwa namba mbili kwenye drafti ya NBA na kwenda Memphis Grizzlies. Mtanzania wa kwanza kufika huko. Mwaka 2012 akahamia Oklahoma City Thunder, akakaa misimu miwili benchi moja na Durant, ambaye naye alichaguliwa namba mbili, mwaka 2007. Vijana wa Upanga wakaanza kuamka saa kumi alfajiri kumtafuta Hasheem kwenye skrini. Hasheem akaondoka 2014. Wao wakabaki na Thunder, kama mtu aliyeenda msibani kwa jirani akaishia kuwa ndugu wa familia.

Sasa ili uelewe kwa nini roho zilikuwa juu hivyo, rudi nyuma mwezi mmoja. Mei 2016, fainali ya Kanda ya Magharibi, Thunder walikuwa wanaongoza 3-1 dhidi ya Golden State Warriors. Siyo Warriors wa mchezo mchezo, ni wale walioshinda mechi 73 msimu ule na kuvunja rekodi ya Chicago Bulls ya mechi 72. Thunder walibakiza mechi moja tu waende fainali. Wakapoteza ya tano. Ya sita ilikuwa nyumbani kwao Oklahoma, na Klay Thompson akaamka siku hiyo na kufunga mitupo 11 ya pointi tatu, jumla pointi 41. Ya saba wakafia Oakland, 96 kwa 88. Kule Upanga kuna jamaa alizima simu siku mbili nzima, mama yake akadhani kaachwa na mwanamke.

Huyo jamaa ndiye wa kumwangalia katika habari hii.

Alikuwa na miaka 22. Siyo mrefu sana, ila mpira ukiwa mkononi mwake uwanja mzima unakaa sawa. Yeye ndiye alikuwa anaichezesha timu yao, timu ndogo ya mtaani iliyokuwa inashiriki ligi ya mkoa kwa kudunduliza. Hakuna mshahara. Ukipata nauli na maji baada ya mazoezi, sema asante. Kocha wao alikuwa mzee mmoja mstaafu ambaye alimwokota jamaa akiwa na miaka 11, anadunda mpira wa miguu kwenye uwanja wa kikapu kwa sababu hakuwa na mpira mwingine. Kocha akamnunulia raba za kwanza. Alipofika kidato cha tatu na ada ikakwama, kocha alienda mwenyewe kuongea na mwalimu mkuu, akalipa kidogo kidogo mpaka jamaa akamaliza kidato cha nne.

Kwa hiyo jamaa alipokuwa anaandika kwenye grupu kwamba Durant hawezi kuondoka, alikuwa anaongea kitu anachokiamini. Hoja yake ilikuwa hivi: Oklahoma ni mji mdogo, hauna timu nyingine kubwa ya ligi kuu ya michezo yoyote ile. Wale watu wamemlea Durant tangu ana miaka 19. Mwaka 2014 alipochukua tuzo ya mchezaji bora wa msimu alilia mbele yao, akamgeukia mama yake akamshukuru yeye kuliko wote. Mtu wa namna hiyo anaondokaje? Na kama anaondoka, anaendaje kwa Warriors, walewale waliompiga akiwa anaongoza 3-1? "Yaani upigwe na mtu barabarani, halafu kesho uende kuomba kupanga chumba kwake?" aliandika. Watu wakacheka sana. Rafiki yake mkubwa, waliyesoma wote tangu darasa la tatu, akaitikia: "Semaa! KD ni wetu. Akienda kwa wale ni msaliti, jezi yake nachoma."

Upande wa pili alikuwepo dada mmoja. Yeye alikuwa anauza duka la dawa mchana, jioni anacheza timu ya wanawake. Alikuwa haandiki sana, ila akiandika grupu linatulia.

Siku ile akauliza, "Hiyo timu ya Oklahoma ilikuwa inaitwaje Durant alipoanza?"

Kimya kidogo. Kisha mmoja akajibu: Seattle SuperSonics.

"Haya. Seattle walikuwa na timu yao zaidi ya miaka 40. Mwaka 2008 mwenye timu kaibeba, kaihamishia Oklahoma. Mashabiki wa Seattle waliulizwa? Mwenye timu aliitwa msaliti na nyie?"

Jamaa akajibu kwamba hiyo ni biashara. Dada akaandika, "Asante. Na James Harden? Oktoba 2012, hawajaelewana mkataba, kapelekwa Houston. Ile ilikuwa biashara. Ila mchezaji akijipeleka mwenyewe ni usaliti. Nimewaelewa."

Usidhani alishinda mjadala. Alipigwa meseji kama mvua. Wakamwambia wanawake hawajui uchungu wa timu, wakati yeye ndiye pekee kwenye grupu aliyekuwa na medali ya mashindano ya mkoa. Akaweka emoji ya mtu anayekunywa chai, akarudi kuhesabu vidonge vya watu.

Siku tatu zile zilikuwa kama uchaguzi mkuu. Durant alikuwa kwenye nyumba moja kule Hamptons, New York, timu zinapishana mlangoni kumbembeleza. Clippers, Spurs, Celtics, Heat. Boston wakamleta mpaka Tom Brady, nyota wa mpira wa Kimarekani. Warriors wakaja na wachezaji wenyewe wanne: Stephen Curry, Klay Thompson, Draymond Green na Andre Iguodala. Kijiweni Upanga kila mtu akawa mtaalamu wa mikataba. Na hapo ndipo ilipokuja hoja iliyowavuruga wengi: Warriors wana Curry, wana Klay, wana Green, hela ya kumlipa Durant wanaitoa wapi?

Ilikuwa inatoka sehemu mbili. Kwanza, NBA ilikuwa imesaini mkataba mpya wa televisheni wa dola bilioni 24 kwa miaka tisa, kwa hiyo kikomo cha mishahara cha kila timu kikaruka kwa mkupuo mmoja kutoka dola milioni 70 hadi milioni 94. Pili, Curry mwenyewe alikuwa analipwa kiduchu kwa kiwango chake. Alisaini mwaka 2012, enzi vifundo vya miguu vinamsumbua, dola milioni 44 kwa miaka minne. Ile nafasi ya kifedha iliyotokea kiangazi kile, timu bora kuliko zote kupata hela ya kumsajili nyota mwingine, haitokei kila mwaka. Mlango ulikuwa wazi, na Durant alikuwa amesimama mbele yake.

Jumatatu ya Julai 4, Ramadhani imebakiza siku mbili, watu ndiyo wametoka kufuturu, simu zikaanza kulia. Durant ameandika barua kwenye tovuti ya The Players' Tribune. Anaenda Golden State. Miaka miwili, dola milioni 54 na ushee, akitaka baada ya mwaka mmoja anaweza kuondoka.

Grupu liliungua. Kuna aliyetuma sauti ya dakika nne, kilio na matusi nusu kwa nusu. Kuna aliyebadilisha picha ya profaili akaweka nyeusi. Rafiki wa jamaa alichoma jezi kweli, jezi ya Kariakoo ya shilingi elfu kumi na tano, akarekodi video. Jamaa yeye aliandika neno moja tu kwa herufi kubwa, akaliweka mpaka kwenye stetasi: MSALITI. Likakaa pale siku nzima, ndugu zake wasiojua kikapu wakawa wanauliza amegombana na nani.

Wiki mbili baadaye, simu ikamwita jamaa.

Aliyepiga alikuwa mtu wa timu kubwa ya kikapu hapa hapa Dar, moja ya zile zilizo chini ya taasisi. Na siyo timu yoyote: ndiyo iliyowatoa wao kwenye mchujo msimu uliopita, baada ya wao kuongoza kwa pointi 9 robo ya mwisho. Maneno yalikuwa machache. Tumekuona. Tunahitaji mtu wa kuchezesha. Posho ya kila mwezi ipo, na ukimaliza mafunzo kuna ajira. Ajira ya kudumu, yenye bima na likizo.

Nyumbani kwao jamaa walikuwa wanakaa vyumba viwili vya kupanga, kodi ya miezi sita inadaiwa Agosti. Mama anauza vitumbua. Mdogo wake wa kike ndiyo kwanza ameingia kidato cha kwanza. Kwa mtoto wa namna hiyo neno "ajira" ni kubwa kuliko neno "NBA".

Hapa ndipo wengi wanaposema angekataa. Ni rahisi sana kusema hivyo ukiwa umeshiba. Tuwe wakweli: ile hoja yake ya kupigwa barabarani na kupanga chumba kwa aliyekupiga ilikuwa tamu kwa sababu chumba kilikuwa cha Durant. Kilipokuwa cha kwake, chenye mama na mdogo wake ndani, hakuiona inachekesha tena. Na hakuna ubaya katika hilo. Mtu anaruhusiwa kuchagua mkate wa nyumbani kwao.

Ubaya upo sehemu nyingine. Alisaini bila kumwambia mtu. Alijua akimtazama kocha machoni hataweza, kwa hiyo akajiambia atasema kesho. Kesho ikawa wiki. Mazoezini akawa anakuja, anacheza, anacheka, anaitikia "ndiyo kocha" wakati kocha anapanga mbinu za msimu mpya zinazoanzia kwake. Yule mzee alikuwa amechora kwenye daftari la mistari, mshale wa kwanza wa kila mchoro unatoka kwenye jina la jamaa.

Siku hizi siri haikai. Ile timu kubwa ikapiga picha ya wachezaji wapya, mmoja wao akairusha Instagram, na ndani ya dakika kumi picha ikatua kwenye grupu la Upanga. Jamaa yupo wa tatu kutoka kulia, jezi mpya, tabasamu la mtu anayejua anafanya kosa la adabu.

Rafiki yake wa darasa la tatu hakuandika kitu kipya. Alienda kutafuta ile skrini ya stetasi ya Julai 4, ile yenye herufi kubwa, akairudisha kwenye grupu. MSALITI. Chini yake akaandika, "Haya maneno ni yako, sijaongeza hata nukta." Jamaa akajitoa kwenye grupu. Msimu mzima hawakusalimiana, wakati nyumba zao zinatazamana na wanachota maji bomba moja.

Yule dada wa duka la dawa, aliyekuwa anamtetea Durant, ungetegemea angemtetea na jamaa. Alimtetea, lakini nusu. Aliandika, "Kuondoka ni haki yake. Kutoaga siyo." Halafu akamtumia meseji ya pembeni: nenda kwa kocha leo, usilale.

Akaenda. Alimkuta mzee kibarazani anakunywa kahawa, kabeba jezi ya zamani kaifua na kuipiga pasi.

"Shikamoo kocha."

"Marahaba. Kaa."

Wakakaa. Jamaa akaanza kueleza habari za kodi, za mama, za ajira. Kocha akamwacha amalize yote. Kisha akasema, "Ungekuja kuniuliza, mimi ningekuwa wa kwanza kukwambia uende. Unadhani nilikulipia ada ili uje kunichezea mimi bure mpaka uzeeke? Lakini mwanangu, hii habari nimeionea kwenye simu ya mtoto wa jirani. Yule mtoto ananiuliza, babu, kwani hujui?" Akanywa kahawa. "Hapo ndipo uliponiumiza. Jezi iache hapo mezani."

Mechi ya timu hizo mbili ilipofika, uwanja ulijaa. Watoto wadogo wa mtaani, walewale waliokuwa wanagombania kumbebea begi, walimzomea kila aliposhika mpira. Alifunga, akatoa pasi za mwisho, timu yake mpya ikashinda, na hakushangilia hata mara moja. Msimu huohuo, Februari 11, 2017, Durant naye alirudi Oklahoma City kwa mara ya kwanza na jezi ya Warriors. Uwanja mzima ulimzomea, watu wamevaa fulana zenye picha za keki ndogo, maana yake wewe ni laini. Akafunga pointi 34, wakashinda 130 kwa 114. Jamaa aliangalia ile mechi peke yake alfajiri, kwenye bweni la timu, sauti kaizima.

Yaliyofuata kwa Durant yanajulikana. Ubingwa 2017, ubingwa 2018, mara zote mbili mchezaji bora wa fainali. Aliyebaki Oklahoma, Russell Westbrook, msimu wa kwanza bila yeye akafikisha mechi 42 za tarakimu mbili katika maeneo matatu, rekodi mpya, na akawa mchezaji bora wa msimu wa 2017. Kwa hiyo hata ile hadithi kwamba mmoja akiondoka lazima mwingine azikwe, haikutimia. Juni 2019 Durant akakatika mshipa wa kisigino fainalini dhidi ya Toronto. Kiangazi hichohicho akahamia Brooklyn, ambako alilipwa msimu mzima bila kugusa mpira kwa sababu mkataba ulimlinda.

Jamaa naye aliumia. Goti, msimu wake wa tatu, alitua vibaya baada ya kuruka. Hakurudi kwenye kiwango chake tena. Kama angekuwa bado kwenye ile timu ya nauli na maji, goti lingetibiwa kwa mchango wa grupu na maombi. Alitibiwa kwa bima. Ajira ikabaki, akahamishiwa ofisini, mdogo wake akamaliza shule. Hesabu hizi hazipo kichwani mwa shabiki anapochoma jezi, na wala hazipaswi kuwepo. Shabiki halipwi, ndiyo maana anadai kulipwa kwa mapenzi. Akimpenda mchezaji miaka minane, anaona ana hisa. Kisheria hana hata senti, lakini maumivu yake ni ya kweli. Yule mtoto aliyezomea baada ya kubeba begi la mtu mwaka mzima hakuwa mpumbavu. Hakuna aliyemwambia kwa heri.

Alipokuwa bado anatembelea magongo, kocha alikuja kumtazama na mfuko wa machungwa. Hawakuongelea ya nyuma. Wakati anaondoka, mzee akasema kuna watoto wa chini ya miaka 13, Jumamosi asubuhi, hawana mtu wa kuwafundisha kudunda kwa mkono wa kushoto. Jamaa alianza kwenda hata kabla hajaacha magongo.

Grupu la WhatsApp bado lipo. Rafiki wa darasa la tatu alimrudisha jamaa mwenyewe, bila maelezo, siku moja tu ikaonekana ameongezwa. Wanasalimiana, wanachangiana misiba, ila hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Juni 2025 Oklahoma City Thunder walichukua ubingwa wao wa kwanza tangu wahamie mji ule, mechi ya saba dhidi ya Indiana Pacers, wakiongozwa na Shai Gilgeous-Alexander. Alfajiri ile watu wa Upanga walipiga kelele mpaka majirani wakafungua madirisha. Wiki mbili baadaye Durant, ambaye alishapita Phoenix, akatua Houston, na safari hii ilikuwa ni kubadilishana kati ya timu.

Mjadala ukawaka upya kama kawaida. Kijana mmoja mgeni, wa rika la 2005, akaandika kwamba KD ni msaliti wa maisha, hana nyumba. Wakubwa wakakausha. Dakika kadhaa zikapita, kisha yule rafiki wa darasa la tatu, mchoma jezi, akaandika, "Dogo, wewe una miaka mingapi? Umeshawahi kupigiwa simu?"

Jamaa aliiona meseji. Tiki zikawa za bluu. Hakujibu, ilikuwa Jumamosi na watoto walikuwa wanamsubiri.